Nguzo Namba Saba

Bwana Rehani alikuwa na ugonjwa wa wageni. Akisikia tu kwamba mtu wa serikali anakuja, hata akiwa bwana afya wa kata, lazima kitu fulani kipakwe rangi. Mwaka walipokuja watu wa zimamoto, mawe yote kuanzia getini hadi ofisini yalipigwa chokaa, miti ikapigwa chokaa hadi kiunoni, na jogoo wa jirani aliyekatiza mahali pabaya alitembea na mkia mweupe mpaka masika. Kwa hiyo Jumatatu ile, alipotoka ofisini kwake Bagara akiwa ameshika barua kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, Melkiori, kibarua wake, alijua kwamba rangi ipo njiani.

"Melkiori, mkaguzi wa mabomba anakuja. Jumanne ya wiki ijayo. Anatoka makao makuu."

"Karibu yake, bosi."

"Karibu yake nini! Anakuja kukagua kutu. Imeandikwa hapa: kinga ya bomba dhidi ya kutu. Sasa mimi nataka huyo mtu azunguke na miwani, azunguke na tochi, asione kutu hata chembe ya kutia jichoni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Tukipita salama, ile barua yako naisaini."

Ile barua ilikuwa ya ajira ya kudumu. Ilikuwa imeshachapwa, ina majina yake yote matatu na muhuri wa kampuni, imekosa saini tu, na ilikuwa imelala kwenye droo ya Bwana Rehani mwaka wa tatu sasa. Kwanza ilikuwa isainiwe baada ya mvua, kisha baada ya Idi, kisha mashine mpya ikishafungwa. Mke wa Melkiori, Domitila, alikuwa ameacha kuuliza kama imesainiwa. Siku hizi aliuliza tu, "Haijambo?"

Kazi yenyewe Melkiori aliipenda. Gesi ililetwa na malori kutoka pwani, ikashushwa kwenye kituo cha Bwana Rehani pale Bagara, kisha ikasafiri ndani ya bomba la chuma lililozikwa ardhini, kilomita mbili na ushee, hadi kiwanda cha kukamua alizeti upande wa Mutuka. Juu ya bomba, katikati ya mashamba ya watu, zilisimama nguzo kumi fupi za njano zenye namba. Pembeni ya kila nguzo palikuwa na shimo lenye mfuniko wa zege, na ndani ya shimo kipande cha chuma kikubwa kama matofali mawili, kimeunganishwa na bomba kwa waya.

"Hivi ndivyo vinavyolinda bomba," fundi aliyevifunga alimwambia. "Bila hivi kutu inalila bomba, gesi inavuja, na mimi na wewe tunasomwa kwenye taarifa ya habari." Kisha akatazama saa, akakimbilia basi la Arusha. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo.

Mengine Melkiori alijifunza mwenyewe, kutoka kwenye kijitabu cha Kiingereza alichokisoma na kamusi, ukurasa mmoja kwa wiki. Alikuwa amefika ukurasa wa arobaini, kwenye namna ya kupima, na aliona hakuna haraka ya kwenda mbele kabla hajaushika huo vizuri. Kila tarehe mosi alitoka na mita, dumu la maji, daftari, na kichupa chenye maji ya bluu ya mrututu. Kwenye kila nguzo alimwaga maji kidogo chini, akasimamisha kichupa kwenye tope, akagusisha waya, akasubiri namba itulie, akaandika. Namba haikutakiwa kushuka chini ya mia nane na hamsini. Za kwake zilicheza kwenye elfu moja na kitu, mwezi baada ya mwezi, na alizisoma kama mtu anavyosoma saa bila kujua kilichomo ndani yake.

Basi aliposikia maneno ya kutu, alianza na nguzo. Zote zikapata njano mpya na namba nyeusi zilizonyooka. Zilipokauka alizitazama, akaona kazi bado. Mkaguzi wa kutu hatatazama nguzo za saruji. Atafunua mashimo.

Alifunua la kwanza. Chuma kilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa uliojaa udongo laini wa kijivu. Alipoupasua mfuko, moyo ulimshuka. Kile chuma kilikuwa kimeliwa, kimetoboka huku na huku kama muhogo uliopitiwa na fuko, kimejaa ukoko mweupe. La pili vilevile. La tatu, kibaya zaidi. Melkiori aliketi kwenye ukingo wa shimo, akavua kofia. Miaka mitatu amewapita hawa walinzi wa bomba kila mwezi, amewasalimia kwa mita, na siku zote walikuwa wagonjwa humo ndani, mikononi mwake.

Alifanya kazi siku tano. Kila chuma alikisugua kwa brashi ya waya, akakipaka koti mbili za rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake koti moja ya rangi ya fedha, kwa sababu Bwana Rehani alisema ving'ae. Kisha akakifunga kwenye nailoni nzito unyevu usikifikie, akakaza kwa kamba ya katani, akakirudisha shimoni. Ule udongo wa kijivu aliuona ni uchafu, akaubeba nyumbani Nangara kwenye toroli. Domitila aliupima kwa kidole, akasema tangu azaliwe hajaona udongo laini vile, na kufikia Ijumaa ukuta wa jiko lake ulikuwa umesilibwa kwa maji na udongo ule mtupu, umelainika kama sahani.

Kupima baada ya kupaka hakupima. Kupima ni tarehe mosi, na tarehe mosi ilikuwa bado.

Nguzo moja tu ilimshinda. Namba saba ilisimama kwenye shamba la Kornelia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Joyce, mjane aliyekuwa na maharage, nyanya, na ng'ombe mwekundu aliyefungwa kwenye nguzo ile tangu siku iliposimikwa.

"Baba Emanuel, hapo ulipo simama hapohapo," alisema Mama Joyce, ambaye alimwita Melkiori kwa jina la mwanawe, alipoliona sururu. "Maharage yana maua. Ukipita humo na hilo jembe lako maua yanapukutika, nakula nini mimi, gesi?"

"Mama Joyce, ni nusu saa tu. Mgeni anakuja."

"Mgeni wako, siyo wangu. Yakishatunga njoo uchimbe mpaka utokee Ulaya."

"Basi niipake nguzo tu."

"Ng'ombe wangu airambe hiyo rangi? Afe? Nenda zako, Baba Emanuel. Na ukija siku nyingine niletee ule mrututu wako, nyanya zangu zina ukungu."

Akaenda zake. Namba saba ikabaki hivyo hivyo, imepauka, ina manyoya mekundu pande zote, mfuniko wa shimo lake umejaa samadi. Melkiori alipanga kichwani jinsi atakavyomtoa mgeni namba sita, ampandishe gari, na kumshusha namba nane.

*

Mkaguzi alikuwa binti mdogo wa umbo, mwenye ushungi, miwani na buti za kazi zilizochakaa. Alijitambulisha kuwa ni Mhandisi Najma. Alipokea salamu za Bwana Rehani, akakataa soda, akakataa sambusa, akasema atakula kazi ikiisha. Kisha akamgeukia Melkiori.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu Melkiori, na hofu ikamzidi. Alikuwa amejiandaa kwa mkaguzi wa kufoka.

Bwana Rehani alitangulia mbele, akionyesha kila kitu kwa mkono mzima. "Tazama nguzo hizo, Mhandisi. Tazama njano hiyo! Ukisimama Bagara unaiona ya Mutuka."

"Nzuri," alisema Najma. Akachuchumaa, akamwaga maji, akasimamisha kichupa chake cha mrututu, akagusisha waya. Akaitazama mita muda mrefu.

"Mia tano themanini na nane."

Namba mbili: mia tano sabini na moja. Najma alibadilisha betri. Namba tatu: mia sita na mbili. Alibadilisha waya. Namba nne na namba tano hazikuwa na habari mpya. Kwenye namba sita aliomba daftari, akalifungua juu ya goti, akafuata mistari kwa kidole.

"Baba, tarehe mosi ya mwezi huu, hapa uliandika elfu moja na arobaini na tano."

"Ndiyo."

"Leo ni mia tano na kitu. Bomba halizeeki hivyo kwa wiki tatu." Aliongea polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Nimezunguka mikoa minne. Nimeona madaftari mengi yanayojazwa mezani, kalamu moja, kikao kimoja. Yanapendeza kama hili."

Melkiori alilitazama daftari lake juu ya goti la Najma. Alikumbuka tarehe mosi ya Aprili, mvua ilipomnyeshea kutoka namba mbili hadi kumi, daftari likiwa ndani ya shati na yeye nje. Alikumbuka tarehe mosi aliyokuwa na malaria akazifuata nguzo kwa fimbo. Kibarua angeweza kukikosa, dunia haiishi. Lakini lile daftari lisemwe ni la uongo!

Bwana Rehani naye alikuwa amesogea hatua moja mbali na Melkiori, taratibu, kama mtu anayekwepa moshi. "Mhandisi, unajua, huyu ni kibarua tu. Mimi mwenyewe nashangaa."

"Kama zilizobaki ziko hivi, Bwana Rehani, leo nafunga vali na kuipiga lakiri. Na daftari naondoka nalo." Najma akasimama. "Twende saba."

"Saba haina haja," alisema Bwana Rehani. "Iko ndani ya maharage, kuna tope, kuna ng'ombe. Si ndiyo, Melkiori? Tuingie garini, nane iko karibu kabisa."

Najma alimtazama Melkiori. Hapo ndipo palikuwa mahali alipopapanga tangu Jumamosi: gari lipo, mlango uko wazi, ni yeye kusema ndiyo tu. Namba saba ni aibu tupu. Lakini kwenye daftari namba saba ilikuwa na mstari wake kila mwezi, miezi thelathini na minne, na aliona kwamba akiuruka leo, atakuwa amekubali yote aliyoambiwa.

"Namba saba ni chafu, Mhandisi," alisema. "Ila ipo. Ni huku."

Mama Joyce aliwapokea kwenye kona ya shamba, mikono kiunoni. "Karibu binti. Pita kwenye mfereji, usikanyage maharage. Na wewe Baba Rehani, hayo mapindo ya suruali yako pandisha. Baba Emanuel, mwondoe ng'ombe, anakujua."

Ng'ombe akaondolewa, kwa shida. Najma alifuta manyoya kwenye kisanduku cha waya, akamwaga maji, akachuchumaa. Bwana Rehani aligeuza uso pembeni, hakutaka kuona.

"Elfu moja na thelathini na nane," alisema Najma.

Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Kisha akachukua daftari kutoka kwapani mwake, akatafuta mstari. Tarehe mosi, namba saba: elfu moja na arobaini.

"Mama," alimwambia Mama Joyce, "nani aliitengeneza nguzo hii wiki hizi?"

"Hakuna aliyeigusa. Huyu hapa alikuja na rangi yake, nikamfukuza."

"Rangi ya nini?"

Bwana Rehani aliona mlango umefunguka, akaingia mzima mzima. "Ya kinga, Mhandisi! Sisi hatufanyi mchezo na kutu. Unaona nguzo tu, hujaona vya ndani. Vile vyuma vya shimoni, vyote tisa, tumevisugua, tumevipaka, koti tatu kila kimoja! Nilimwambia mwenyewe, nataka ving'ae!"

Najma alilifunga daftari polepole, na Bwana Rehani akaanza kutilia shaka maneno yake.

"Vyuma vya shimoni," alisema. "Mmevipaka rangi."

Walirudi namba sita. Melkiori alifunua mfuniko, akashuka, akapandisha kifurushi chake. Kilikuwa kimefungwa vizuri sana, nailoni imekunjwa kwenye pembe, fundo la katani juu. Najma alikata kamba, akafunua, na chuma cha fedha kikameremeta juani hadi Mama Joyce, aliyekuwa amewafuata ili asipitwe, akaweka mkono machoni.

"Mbona kama zawadi ya harusi," alisema Mama Joyce.

Najma aliketi chini, hapohapo kwenye majani. Aling'ata mdomo. Akavua miwani. Halafu akacheka, kwanza kimya kimya mabega yakitikisika, kisha kwa sauti, mpaka ikabidi ajifute kwa ncha ya ushungi.

"Nisamehe baba," alisema alipoweza. "Nisamehe sana. Hiki sisi tunakiita chuma cha kafara. Kimewekwa hapa ili kiliwe. Chenyewe ni dhaifu kuliko bomba, kwa hiyo kutu inakishambulia hiki na kuliacha bomba. Kikiliwa, kinafanya kazi. Siku kikiwa kizuri namna hii, bomba ndilo linaloliwa."

Melkiori alikitazama chuma, akatazama mikono yake yenye rangi ya fedha kwenye kucha.

"Kwa hiyo ule ubovu wote nilioukuta..."

"Ulikuwa kazi nzuri. Wiki mbili zilizopita ningekupa cheti bila kukaa chini. Nami nimelisema vibaya daftari lako mbele za watu. Nalirudishia heshima yake mbele za haohao: ni la kweli."

"Ngoja nielewe," alisema Mama Joyce. "Baba Emanuel, ina maana umewavika walinzi makoti, ukawafungia ndani ya nailoni, mwizi akaingia kwa raha zake?"

"Mama Joyce, inatosha."

"Na ng'ombe wangu ndiye aliyebaki zamu!"

Najma alichungulia shimoni. "Na ule udongo wa kijivu uliokuwa kwenye mifuko? Ule ni udongo maalumu, ndio unaosaidia umeme upite. Uko wapi?"

Melkiori alianza kuikunja ile nailoni.

"Upo," alisema Melkiori.

"Upo wapi, baba?"

"Upo nyumbani." Alikohoa. "Ukutani."

*

Amri iliandikwa juu ya boneti ya gari. Siku kumi: rangi ikwanguliwe yote, udongo urudi, vipimo virudi juu ya mia nane na hamsini, vinginevyo vali inafungwa. Najma aliandika kwa herufi kubwa, kisha akafika mahali penye nafasi tupu.

"Hapa panatakiwa jina na saini ya msimamizi wa kinga ya bomba. Sheria inataka awe mwajiriwa wa kudumu, mwenye barua. Kibarua hawezi kusaini." Alimtazama Bwana Rehani juu ya miwani. "Pakibaki wazi, siwezi kuwapa hizo siku kumi. Ni lakiri leo. Na wewe ulisema huyu ni..."

"Mimi?" Bwana Rehani alishika kifua. "Mhandisi, ulinisikia vibaya, upepo ule. Barua yake ipo! Ipo droo ya juu, imechapwa!"

Aliifuata mwenyewe, mbio, suruali bado imepandishwa magotini. Akaisaini bonetini kwa kalamu ya Najma, akampa Melkiori. Melkiori hakuikunja. Aliisoma kuanzia juu, neno kwa neno, wote watatu wakimsubiri, mpaka kwenye saini. Kisha akachukua ile kalamu, akaandika jina lake kwenye amri, pale penye nafasi tupu, kwa mwandiko uleule wa daftari.

Njiani kwenda mjini Najma aliomba apitishwe Nangara auone huo ukuta. Domitila, asiyejua lolote, alimkaribisha jikoni. Najma alipitisha kiganja ukutani, akakwangua kidogo kwa ukucha, akauliza kama umechanganywa na samadi.

"Hapana, mwanangu, maji matupu. Udongo huu ni kosa kuuchanganya."

"Mama, umesiliba vizuri sana. Sijawahi kuona."

"Asante!"

"Baba atakueleza," alisema Najma, akatoka haraka.

Waliukwangua siku tatu, mume na mke, kwa sahani na visu. Melkiori alikwangua na rangi pia, chuma kimoja baada ya kingine, mpaka vikabaki vibaya, vimetoboka, vya kijivu, naye akavitazama kwa heshima. Alivizika. Akamwagia maji. Safari hii hakungoja tarehe mosi, alipima kila asubuhi, na namba zikapanda taratibu kama homa, mia saba, mia nane na kumi, mia tisa na sitini.

Siku moja kabla Najma hajarudi, Bwana Rehani alimkuta kwenye namba tano.

"Melkiori, nisikilize. Siyo vyuma. Vyuma nimeelewa. Mifuniko tu. Koti moja, nyembamba."

"Hapana, bosi."

Bwana Rehani alisubiri maelezo. Katika miaka mitatu hakuwahi kusikia neno hilo kutoka upande ule, na hakujua linaendeleaje. Lilipokosa mwendelezo, alirudi ofisini na kuagiza chokaa kwa ajili ya mawe.

Vipimo vilipita vyote kumi. Najma alikula sambusa sita.

Ilibaki haki ya Domitila. Jiko lake lilikuwa limebaki uchi, fito nje, na alikuwa hazungumzi na mumewe ila kwa kupitia kuku. "Mwambieni huyo mwajiriwa wa kudumu," alikuwa akiwaambia kuku, "kwamba upepo unazima moto." Melkiori alichimba udongo wa kawaida bondeni, akausiliba ukuta upya mwenyewe, vibaya kidogo. Ulipokauka akakumbuka kwamba bado ana nusu kopo la rangi ya fedha.

Sasa jiko lile linaonekana kutoka barabarani. Watu wa Nangara hulitumia kuelekezea njia: pita kanisa, ukiona jiko linalong'aa, kata kushoto. Barua iko ndani, imetundikwa kwenye msumari. Na kila tarehe mosi, kabla ya kwenda kupima, Melkiori hujaza kichupa kidogo cha mrututu pembeni, cha nyanya za Mama Joyce.